Kaptula Chini ya Sketi

Video ilinifikia steji ya Olimpiki, nikiwa ndani ya matatu iliyokuwa inangoja kujaa. Ilikuwa Mei 2025. Wanawake wamevaa jezi, wameshika magongo yenye bapa pana mwishoni, wamesimama kwenye nyasi za kijani ambazo sisi huku tunaziona tu tukipita nje ya uwanja wa gofu. Wamevaa kaptula. Halafu picha inakatika, wanarudi wale wale, na sasa wamevaa sketi.

Kando yangu alikuwa msichana wa jirani, wa Gredi ya 8, amenilalia bega na kuangalia simu yangu kama ni yake. Nikamweleza: hizo ni timu za Dublin na Kilkenny, huko Ireland, wameambiwa wavue kaptula wavae sketi ama mechi haichezwi. Akafikiria kidogo. Akaniuliza, "Kwani ni shule gani?"

Nilicheka hadi konda akageuka. Lakini ukiliangalia vizuri, lilikuwa swali la haki. Kwa akili yake, ni shule peke yake inayoweza kumpanga mtu mstari na kumkagua sketi. Hakuwa amefikiria kwamba mtu anaweza kumaliza shule, akapata kazi, akalipa kodi ya nyumba, pengine akazaa, na bado kuna ofisi mahali inamwambia: rudi ndani, vaa vizuri.

Mchezo wenyewe unaitwa kamogi. Ni ndugu ya hoki, lakini ndugu mtukutu: mpira unaruhusiwa kupaa, unashikwa kwa mkono, unabebwa juu ya gongo mtu akikimbia, na kila upande una wachezaji 15. Wanaume wana aina yao, halingi, na wanaicheza na kaptula bila mtu kuwauliza chochote. Wanawake walicheza mechi yao ya kwanza ya hadhara Julai 1904, katika mji wa Navan, enzi za sketi za kufagia chini. Sketi zilikuwa ndefu kiasi kwamba kuzuia mpira nazo makusudi kulihesabiwa kosa. Hapo nilisimamisha kusoma nikarudia. Yaani mtu anakuvalisha pazia, halafu anakupigia filimbi ukilitumia. (Miaka hiyo hiyo, huku kwetu, askari Wanubi wa jeshi la Mwingereza walikuwa wanaanza kukaa kwenye msitu waliouita Kibra. Kianda ilikuwa miti.)

Sketi za kamogi zilifupishwa na miaka, mwishowe zikawa ile sketi yenye kaptula iliyoshonewa ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Na wachezaji walikuwa wamelalamika kwa adabu. Aprili 2024 mkutano mkuu wa chama ulipigia kura hoja mbili, moja ya kuleta kaptula na nyingine ya kumwachia mchezaji achague. Zote mbili zilianguka, na ikasemekana suala hilo litarudi 2027. Kisha chama cha wachezaji kikafanya uchunguzi: asilimia 70 walisema wanapata usumbufu na sketi, asilimia 83 walitaka kuchagua. Mei 3, 2025, Dublin na Kilkenny wakakubaliana kuingia uwanjani na kaptula, nusu fainali ya jimbo la Leinster. Wakaambiwa wabadilishe ama mechi inavunjwa. Wakabadilisha. Wakacheza.

Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo ilinifunga koo. Kwa sababu mimi pia nilibadilisha, nikacheza.

*

Nilisoma shule ya bweni huko magharibi. Mtoto wa Kianda akipata nafasi ya bweni hauliziwi kama anapenda; anafungiwa sanduku. Mathe alikuwa anauza mboga, basari ikalipa nusu, nikaenda. Na huko ndiko nilikutana na mpira wa magongo. Ukimwambia Mtanzania unapenda gongo anakuangalia vibaya, kwao hiyo ni chang'aa. Lakini kwa upande ule wa Kenya hoki ya wasichana ni dini. Sinyolo, Tigoi, Misikhu, Nyamira Girls: hayo majina tulikuwa tunayataja usiku bwenini vile watoto wengine wanataja majini.

Uwanja wetu ulikuwa wa vumbi na mawe, upande mmoja umeinama. Magongo yalikuwa kumi na sisi tulikuwa kumi na sita, kwa hivyo ukitolewa unamkabidhi anayeingia gongo likiwa bado na joto la mkono wako. Ukicheza hoki unainama. Si kuinama kidogo, unakunja magoti, mgongo unalala, macho yako chini, muda wote. Sasa fikiria hiyo hali na sketi ya kukunjwa iliyoishia katikati ya paja, na wavulana wa shule jirani wamejipanga kwa ua upande wa goli lako, na wewe unajua hawakuja kuangalia mpira.

Ndiyo maana tulivaa baika. Kila msichana Mkenya anajua baika, ile kaptula ya kubana. Tuliivaa chini ya sketi na sketi ikawa kitu cha kupitisha macho ya walimu tu. Wengine baika zao zilifika magotini, zilichungulia. Hapo ndipo shida ilianza, kwa sababu mwalimu wa michezo alisema baika ikionekana inaharibu sare. Tulipaswa kuonekana nadhifu. Paja likionekana ni sawa, hiyo ni michezo. Kitambaa kinachofunika paja kikionekana, hiyo ni utovu wa nidhamu. Nimejaribu zaidi ya miaka kumi kuielewa hiyo hesabu.

Muhula wa kwanza 2015, nikiwa kidato cha tatu, tulifika nusu fainali ya kaunti. Tulikuwa na mshambuliaji ambaye nitamwita Namba Tisa, kwa sababu hajaniruhusu kuandika jina lake, na kwa sababu ukimuuliza mtu yeyote aliyetuona tukicheza atakumbuka namba kabla ya jina. Alikuwa mfupi, wa kutoka Kawangware, na alikuwa na mkono wa kinyume ambao sijauona tena kwa mtu. Asubuhi hiyo alikuwa kwa siku zake. Sodo ya serikali haikuwa imefika, na hata ingefika, yeye alikuwa mtu wa kuvuja damu nyingi. Alivaa pedi mbili na juu yake baika ndefu mbili, moja juu ya nyingine, akafunga kila kitu vizuri kama mzigo wa kusafirishwa.

Kabla ya kuingia uwanjani tulipangwa mstari. Mwalimu akapita. Akatutoa saba ambao baika zilikuwa zinaonekana. Tuvue, turudi, tucheze. Sita tukaenda nyuma ya basi tukavua. Namba Tisa akabaki amesimama. Hakubishana. Alisema, "Leo siwezi, Madam." Akaulizwa mbona. Kulikuwa na dereva wa basi hapo, refa, na mwalimu mwanamume wa shule ile nyingine. Akanyamaza. Akaambiwa basi akae.

Mimi ndiye nilikuwa kapteni. Nilijua sababu, nilimsaidia kufunga ule mzigo asubuhi. Nilirudi kutoka nyuma ya basi na baika yangu mkononi nimeikunja, nikampa anishikie. Nikaingia. Tulifungwa mbili bila. Namba Tisa alikaa kwa benchi na baika sita za watu mapajani. Hakurudi kwa hoki tena, muhula uliofuata alisema mgongo unamuuma.

*

Najua kuna upande mwingine, na sitaki kuupita haraka, maana mathe ndiye aliunifundisha.

Mathe anapenda sare. Ukikulia Kianda unaelewa. Nyumba zetu zilikuwa mabati juu na matope ukutani, na kulikuwa na watoto wenye nguo tatu na watoto wenye nguo moja, na ni sare pekee iliyotufanya tufanane kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Mtoto wa landilodi na mtoto wa anayefukuzwa na landilodi, sweta moja. Mathe alifua sare yangu kila jioni na kuianika ndani juu ya jiko, na asubuhi ilinukia moshi na sabuni, na nilitembea nikiwa sawa na mtu yeyote. Kwa hivyo mtu akiniambia sare zote ni ukoloni, namwambia ngoja kwanza. Ndiyo, zina ukoo wake. Walioanzisha Loreto Msongari mwaka 1921 walikuwa masista kutoka Ireland, na sketi ya msichana wa shule Kenya haikutoka Kakamega. Lakini kitu kinaweza kutoka mbali na bado kikafaa.

Na timu ni timu. Unakubali kuwa mmoja wa wengi. Unavaa rangi usiyoipenda. Unaamka saa kumi alfajiri kwa sababu mtu mwingine ameamua. Kama kila mtu atachagua kila kitu hakuna timu, kuna watu kumi na mmoja wanaofanya mazoezi mahali pamoja.

Basi tofauti iko wapi? Nimekuwa nikijiuliza sheria inamtumikia nani. Sheria ya kuvaa kinga za ugoko inanitumikia mimi, mpira wa hoki ni mgumu na ugoko ni mfupa. Sheria ya jezi kufanana inatumikia mchezo, mwenzangu aniambue kwa jicho la pembeni anipe pasi. Sasa chukua sketi. Cheza mechi usiku wa manane, hakuna watu kwa ua, hakuna kamera, hakuna mgeni wa heshima. Kinga za ugoko bado zina kazi. Jezi bado ina kazi. Sketi haina. Sketi iko pale kwa ajili ya mtu aliyekaa nje.

Na huyo mtu wa nje hajui hata anataka nini. Julai 2021, timu ya Norway ya mpira wa mikono wa ufukweni, kwenye mashindano ya Ulaya huko Varna, Bulgaria, ilitozwa faini ya euro 1,500 kwa sababu wanawake walivaa kaptula badala ya chupi za bikini. Wao walitakiwa waonyeshe zaidi. Wakati huo huo kuna wasichana waliokatazwa kufunika: hadi 2014 ndipo FIFA iliruhusu rasmi hijabu uwanjani. Kambi ya Dadaab, wasichana wakimbizi waliokuwa wanacheza mpira wa kikapu na voliboli wakijikwaa kwa nguo ndefu walikaa chini na wabunifu wa Nike, UNHCR ikisimamia, wakachora wenyewe nguo za michezo zinazofunika mwili na bado zinaruhusu mtu kuruka. Norway walitaka kufunika paja, Dadaab walitaka kufunika kichwa na kuachilia miguu ikimbie, Dublin walitaka kaptula ya kawaida. Ukizipima kwa sentimita za kitambaa hazifanani hata kidogo. Ndiyo maana nimeacha kusikiliza mtu anayeanza hii mada na neno "heshima" halafu anashika rula.

Lakini ukweli ni kwamba watazamaji wapo. Hiyo mechi ya usiku wa manane hakuna mtu anaicheza.

*

Novemba 2014, miezi michache kabla ya ile nusu fainali, mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume katikati ya Nairobi, mchana, wakisema amevaa vibaya. Video zikazunguka. Novemba 17 wanawake wakaandamana kutoka Uhuru Park, wengine na sketi fupi, wengine na buibui, wakisema mavazi yangu, chaguo langu. Kabla ya mwaka kuisha bunge lilikuwa limeingiza kifungu kipya kwenye sheria ya makosa ya jinai: anayemvua mtu nguo kwa nguvu afungwe miaka isiyopungua kumi. Nilikuwa nimefunga shule. Tulitazama habari kwa jirani, televisheni ya bluu iliyokuwa inatingishwa ndio iongee.

Mathe hakusema chochote usiku huo. Kesho yake asubuhi alinipa leso. Akasema, "Ukitoka uwanjani, jifunge."

Nikamwambia mimi navaa kaptula ya mpira, si mini. Akasema wale wanaume hawana rula.

Nilikasirika. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa nimejua kila kitu. Nilimwambia hiyo ni kuwapa ushindi, kwamba nikijifunga leso ninakubali mwili wangu ndio kosa. Alikuwa anatoa majani kwenye sukuma, akaendelea kutoa majani. Akasema, "Mimi sijasema ni kosa lako. Nimesema ufike."

Nimelibeba hilo neno "ufike" miaka yote hii na sijui nilifanye nini. Kwa sababu ukiliangalia kwa nje, leso ya mathe na sketi ya mwalimu ni kitu kimoja. Wote wawili waliniambia nivae nini kwa sababu ya macho ya watu. Na kama nasema hasira yangu ni juu ya mtu kuamua kwa niaba ya mwili wangu, basi sina budi kumkasirikia na mathe.

Ila simkasirikii, na si kwa sababu ni mamangu. Nadhani ni kwa sababu ya nani analipa. Kama ningekataa leso na kukapata mabaya, mathe ndiye angekuja kituo cha polisi na viatu tofauti mguuni. Gharama ya kukosea ilikuwa yake pia. Mwalimu akikosea kuhusu baika, analipa nini? Namba Tisa alilipa. Wale wajumbe wa 2024 waliopiga kura sketi ibaki, ni wangapi kati yao walikuwa wanaamka wiki hiyo kwenda kucheza nayo?

Hapo kwenye kura nimekwama kidogo, nitakubali. Mimi ni mtu wa kura. Tunaimba kila siku kwamba mambo yaamuliwe na wengi, na Ireland wengi waliamua, kwa utaratibu, kwa mikono iliyoinuliwa, na si ajabu mingi ya mikono hiyo ilikuwa ya wanawake waliowahi kucheza na sketi zao wakashinda vikombe. Mtu aliyeshinda na sketi ana haki ya kuipenda. Lakini hata kura ina mipaka yake. Sisi wa ploti moja tunaweza kupiga kura kuhusu zamu za kuosha choo. Hatuwezi kupiga kura kuhusu jirani avae nini akienda kuoga, hata tukiwa tisa kwa mmoja, hata kama wote tunampenda. Na uamuzi wa mwisho ulionyesha kitu hicho hicho. Baada ya ile mechi fainali ya Munster, Cork na Waterford, iliahirishwa kwa sababu wachezaji walisema watavaa kaptula. Mei 22, siku kumi na tisa tu baada ya Dublin na Kilkenny, mkutano maalum ulipiga kura: asilimia 98 wakakubali kila mchezaji achague, sketi au kaptula. Aliyependa sketi hakunyang'anywa.

Siku kumi na tisa. Jambo lililokuwa lingoje hadi 2027.

Na kilicholifungua si hoja mpya, hoja zilikuwa zile zile za 2024. Ni aibu. Ni watu kuona kwa macho wanawake wazima wakirudishwa ndani kama watoto. Februari 2023 hapa kwetu, Seneta Gloria Orwoba alitolewa ndani ya Seneti kwa sababu suruali yake nyeupe ilikuwa na doa la damu. Kenya ambayo iliondoa ushuru kwa sodo mwaka 2004, kabla ya nchi nyingine yoyote, na ambayo 2017 iliandika kwenye sheria kwamba serikali itawapa wasichana wa shule sodo bure, hiyo Kenya ilimuona mtu mzima na doa ikamtoa nje. Nilifikiria Namba Tisa siku hiyo. Nilifikiria kama angesema sababu yake kwa sauti, mbele ya dereva na refa, pengine angetolewa hivyo hivyo, lakini angalau wangetoka na kitu cha kubeba rohoni. Halafu nikajikumbusha kwamba si yeye aliyepaswa kusema. Kapteni alikuwepo.

Dublin na Kilkenny walivua wote, wakavaa wote, timu mbili ambazo dakika moja baadaye zilikuwa zitagongana magongo. Hawakumwacha mtu kwenye benchi. Nadhani mtu anaweza kutii na bado asiwe ameuza mwenzake. Inategemea alipotii aliangalia upande gani. Mimi niliangalia uwanja.

*

Nilimtumia Namba Tisa ile video. Ana saluni Kawangware sasa, mtoto mmoja, na bado ana ule mkono. Nimemuona akishika kopo la maji likianguka kabla sijajua limeanguka. Hakujibu siku mbili. Siku ya tatu akanipigia, nikasikia mashine ya kukausha nywele nyuma yake.

"Walicheza?" akaniuliza.

Nikamwambia walibadilisha, wakacheza.

"Wote?"

"Wote."

Akanyamaza kidogo. Akasema sawa, akaniambia kuna mteja, akakata. Sikuomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa, nilikuwa hata nimeuandika kwa simu, na ulipofika wakati nikauona ni kitu cha kunisaidia mimi.

*

Jumamosi nafundisha wasichana hoki, uwanja wa shule moja hapo karibu na Olimpiki, kabla wavulana hawajaja kuuchukua na mpira wao wa miguu. Tuna magongo sita na mpira wa tenisi. Kuvaa, wanavaa wanachotaka: kuna wa kaptula, wa longi, wa dera iliyofungwa fundo kiunoni, na mmoja wa hijabu anayetupita wote kwa mbio. Hilo nimelishinda.

Ambalo sijalishinda ni leso. Kila Jumamosi, tukimaliza, naona nikiwaambia, "Mjifunge, tunapita reli." Sauti ni ya mathe kabisa, hata kikohozi. Wiki iliyopita yule msichana wa jirani, wa swali la shule gani, aliniangalia akauliza, "Na wavulana, kocha, leso zao ziko wapi?"

Wengine wakacheka. Nikasema tutaongea, kwanza mjifunge. Wakajifunga. Yeye hakujifunga. Aliweka gongo begani akashika njia na kaptula yake ya bluu, akatupita wote, akavuka reli, akaingia vichochoroni bila kugeuka.

Nilimfuata. Leso nilikuwa nayo kwa mfuko, nimeikunja ndogo. Nilibaki hatua kumi hivi nyuma yake, si karibu sana ajue, si mbali sana nisifike. Tulipita kinyozi, tukapita vijana wa bodaboda wameegemea pikipiki zao, nikashika mfuko. Mmoja akainua kichwa, akaangalia, akarudi kwa simu. Tukapita mama wa mandazi, ambaye alimwangalia kutoka viatu hadi gongo, akamuuliza nani ameshinda.

"Tulikuwa tunafanya mazoezi tu," akasema, na akasimama kununua mbili.